Chupa Iliyorudi na Nta Yake

Nabeul, 16 Januari 2000

Dalenda, mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua huu ni mwaka wa pili hatusemezani, hata Idi imepita juzi na hakuna aliyempigia mwenzake. Najua pia nani alianza, lakini hayo tuyaweke kando kwanza, maana nimemwota mama.

Alikuwa amekaa uani kwenye nyumba yetu ya zamani, mbele ya chungu cha shaba, anakeneka marashi kwa mvuke wa maua. Chini ya chungu hapakuwa na moto hata kidogo, lakini marashi yalikuwa yanadondoka chupani, tone, halafu tone, na kila tone lilipoanguka mvuke mweupe ulipanda mpaka nikawa simwoni mama, naona viganja vyake tu. Nikamuuliza, mama, mbona huna moto? Akasema, "Behija, kamwite mdogo wako, kahawa inapoa." Niliamka na harufu ya maua ya danzi puani, na huu ni mwezi wa kwanza, midanzi yote ya Nabeul haina hata kitumba. Nikamwamsha Bechir nikamwambia, "Husikii harufu?" Mume wangu akanusa kwa heshima zote, akasema anasikia harufu ya soksi zake.

Basi nimekuita, kama nilivyotumwa. Simu nisingeweza. Iko sebuleni, na mama mkwe wangu, Bi Mongia, amekaa pembeni yake kama kuku anayeatamia. Ukisema "halo" tu, yeye anataka kujua ni nani na amekula nini. Kwa hiyo barua hii nampa Hammadi dereva, yuleyule anayebeba abiria wa Tunis, na nimemwambia akupe mkononi.

Kuna jambo jingine dogo. Wewe unakaa mji wenye madaktari. Jirani yangu, Bi Chedlia, mke wa mwoka mikate, ana kitu titini, upande wa kulia, kigumu kama kokwa ya zeituni. Hakimuumi. Ana aibu kuuliza hapa, maana hapa ukikohoa asubuhi, adhuhuri wanakuchimbia kaburi. Niulizie tu, ni kitu gani, na kama huwa kinaondoka chenyewe.

Dada yako, ingawa ulinitia aibu,
Behija


Tunis, 22 Januari 2000

Dada Behija,

Hammadi alipiga honi chini ya dirisha nikashuka na cherehani haijazimwa, nikidhani kaleta habari za msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliinusa. Usinicheke.

Kuhusu ile chupa yako niliyoirudisha, naomba bado tusiandikiane. Sikuwa na ubaya wowote, na siku nikiweza kukueleza nitakueleza. Naomba tu unisubiri kidogo.

Sasa Bi Chedlia. Mwambie asimame mbele ya kioo mchana, mwanga ukiwa mzuri, ainue mikono juu kisha aishushe. Matiti yote mawili yanapanda sawa? Ngozi ya lile la kulia imefanya vitundu, kama ganda la danzi? Chuchu imeingia ndani au imegeuka? Kwapani kuna kitu? Na kwamba hakiumi asijifariji nako. Watu wote tunaogopa kinachouma, na hiki chenyewe hutambaa kimyakimya.

Huenda ni uvimbe wa kawaida. Wanawake wengi huambiwa hivyo na wakarudi nyumbani wanacheka. Lakini asikae nacho. Hapa kuna daktari mwanamke, Daktari Jalila, anapokea wagonjwa Jumatatu na Alhamisi, mikono yake ni ya joto na hapayuki. Mwambie aje wiki hii. Mimi nitampokea kituoni na kumpeleka mwenyewe, na kulala atalala kwangu.

Emna anakusalimu. Binti yangu sasa ananizidi urefu na ananifokea kana kwamba yeye ndiye mama yangu.

Mdogo wako,
Dalenda


Nabeul, 3 Februari 2000

Dalenda,

Umekuwa daktari tangu lini? Nilikuacha ukishona mapazia, sasa unajua mpaka makwapa ya watu.

Chedlia alisimama mbele ya kioo, kile cha kabati la harusi, akaegemeza kiti mlangoni mtu asiingie. Ndiyo, vitundu vipo kidogo upande wa chini, kama danzi lililokaa sana kapuni. Na chuchu imegeuka kuangalia pembeni, kama mtu aliyenuna. Lakini sababu yenyewe anaijua. Msimu uliopita, alipokuwa akiinua kile kichwa cha shaba cha chungu, kilimteleza kikampiga palepale. Ni kidonda cha ndani, basi. Anapaka mafuta ya zeituni ya uvuguvugu na kufunga kitambaa cha sufi. Hamamu haendi tena, anaoga nyumbani kwa ndoo, kwa sababu Hlima msuguaji ana macho kwenye vidole, akikusugua mgongo anajua umegombana na nani.

Kuhusu kuja Tunis, atakuja. Lakini si sasa. Mwezi wa tatu maua yanafunguka, ameshawaahidi watu, na chungu hakimngoji mtu. Maua yakiisha, mwishoni mwa mwezi wa nne, atakuja.

Na kwa kuwa unasema tusiandikiane kuhusu chupa, mimi nitaandika. Mama alitufundisha kwamba chupa ya kwanza ya msimu, ile kali kuliko zote, ni ya dada aliyeolewa mbali. Na anayeibeba haondoki mpaka nta ivunjwe mbele ya macho yake na tone moja litiwe kwenye kahawa yake, ili akirudi aseme yamepokewa. Miaka ishirini na minne nilikuletea, miaka ishirini na minne Hammadi alirudi ananukia mdomo. Mwaka ule wa tisini na nane akarudi na chupa, nta nyekundu nzima kama nilivyoiyeyusha, na kahawa hujampa. Nikamuuliza, "Amesema nini?" Akasema, "Amesema, irudishe. Halafu akafunga mlango." Bi Mongia alikuwepo. Bechir alikuwepo. Alikuwepo hata mwuza samaki.

Niliimwaga mferejini, ujue. Mtaa mzima ulinukia mpaka jioni.

Behija


Tunis, 7 Februari 2000

Dada,

Nilimpa Hammadi kahawa leo, nikamuuliza tu kwa njia ya mazungumzo, "Bi Chedlia hajambo?" Akasema, "Chedlia yupi, wa mikate? Mbona ana mwaka mzima yuko Sfax kwa mwanawe." Halafu nikarudi juu nikasoma barua yako tena. Tangu lini mke wa mwoka mikate akainua kichwa cha chungu cha shaba? Kabati la harusi lenye kioo ni lako, Behija. Nilikuwepo siku lilipopandishwa ngazi.

Nimekaa chini kwenye sakafu. Nimelia kidogo. Sasa nimeosha uso na nitakuandikia lile nililoapa kutokuandikia.

Mwezi wa kwanza mwaka ule wa tisini na nane, nilikuwa najipima gauni nililomshonea mteja ambaye mwili wake ni kama wangu. Pini ikaingia upande wa kushoto nami sikuisikia. Nikagusa mahali pale, nikakuta kokwa. Wiki tatu baadaye nikawa nimelala hospitali, na nilipoamka lile titi halikuwepo. Watu hapa husema "ule ugonjwa mbaya" na kugeuza uso. Mimi nitauandika kwa jina lake, kwa sababu nimechoka kuuzunguka. Ni saratani, Behija. Saratani ya titi. Naona nimeiandika na karatasi haijaungua.

Baada ya kisu ikaja dawa ya mshipani. Wanakuweka kwenye kiti karibu na dirisha, chupa inaning'inia juu yako, inadondoka tone moja moja. Mara ya kwanza nilifumba macho nikajiona uani kwetu, niko mdogo, nalinda mdomo wa chungu, na mama nyuma yangu anasema punguza moto, usiyaharakishe. Nesi alikuja kukaza kile kigurudumu cha dripu nikamwambia, "Ndiyo, mama." Alicheka. Nilikaa humo saa nne bila kujua kama niko Tunis au niko Nabeul, na nakwambia ukweli, ilikuwa raha.

Raha iliisha kesho yake. Nilitapika rangi zote. Nywele zilitoka na kitana kama uzi wa vazi bovu. Na pua, dada, pua ikawa ya mbwa. Vitunguu, sabuni, kahawa, nywele za mwanangu, vyote nilivisikia kutoka chumba cha tatu, na vyote vilinigeuza tumbo.

Katikati ya hayo ndipo Hammadi alipokuja na chupa yako. Nilisikia harufu kabla hajafika ghorofa ya pili. Ulikuwa umefuta chupa kwa kile kitambaa cha kazi, sivyo? Kilikuwa kimeloa. Hammadi akasimama mlangoni, anatabasamu, anangoja nivunje nta. Mimi nimejifunga kilemba mpaka nyusi, sina nyusi, nimeshika kizingiti. Ningefungua kinywa kusema maneno mawili ningemtapikia viatu. Nilisema neno moja, "Irudishe", nikafunga, nikaanguka palepale nyuma ya mlango. Emna alinikuta nimelala nimekumbatia mkeka. Nililia kwa ajili ya harufu ile kuliko nilivyolilia titi.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu wewe ungekuja. Ungeacha chungu, ungekuja kukaa kando ya kitanda na kunitazama kwa lile jicho lako, na mimi ningeamini kwamba nakufa. Nilitaka mtu mmoja duniani anikasirikie kama mtu mzima anavyokasirikiwa. Ukanikasirikia, na nilijua niko hai. Ulivyosema umeyamwaga mferejini, hapo nimeumia, lakini nilistahili.

Nimepona kwa kadiri wanavyosema watu wa hospitali. Kila miezi sita napimwa, na wiki ile silali vizuri. Upande wa kushoto nimejishonea titi langu, mfuko wa pamba, ndani nimejaza mtama, maana pamba tupu inapanda mpaka kidevuni. Mtama una uzito na unapata joto la mwili. Nimewashonea wanawake kumi na wanne wa wodi ile. Mmoja, Bi Wassila, alianika lake juu ya paa, njiwa wakalitoboa wakalila. Alinijia amebeba kitambaa kitupu, akasema, "Dalenda, nimeliwa mara ya pili." Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Nakwambia hayo ujue kwamba upande wa pili kuna watu, na wanacheka. Lakini mimi niliwahi. Kokwa yangu ilikuwa kokwa tu, ngozi haikuwa na vitundu. Wewe umesubiri tangu maua yaliyopita na unataka kusubiri maua yajayo. Daktari Jalila aliniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?" Nikasema hakuna. Sasa nitamwambia yupo dada yangu, na nataka nimwambie ukiwa umesimama kando yangu.

Njoo Alhamisi.

Dalenda


Nabeul, 9 Februari 2000

Dalenda,

Siku mbili sikuweza kukuandikia kwa hasira. Nimevunja sahani. Miaka miwili nakusema kila ninapokaa, kwenye harusi, kwenye matanga, na wewe huko uko na upara unatapika. Umenifanya niwe mtu mbaya bila mimi kujua. Ungeniambia ningekuja, ndiyo, na lile jicho langu ningelifumba. Hukunipa nafasi hata ya kulifumba.

Nimemaliza hasira. Sasa na mimi nina langu, na ni zito kuliko lako.

Ulimjibu daktari kwamba kwetu hakuna. Yupo. Mama. Mama hakufa kwa kifua kama tulivyokwambia. Unakumbuka ile shali nzito aliyojitanda mpaka kiangazi, tukimtania kwamba ana baridi ya kizee? Nilimwosha mimi na shangazi. Tulipofunua shali, upande wa kulia hapakuwa titi, palikuwa kidonda, na alikuwa amekijaza maua ya danzi yaliyokaushwa ili tusisikie harufu. Mwaka mzima alikaa nasi mbele ya chungu, na sote tulisema mama ananukia vizuri. Shangazi alinishika mkono akasema, "Hii inabaki humu chumbani. Mdogo wako anaposwa, nani atamchukua akisikia?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nikabaki nayo humo chumbani miaka ishirini na saba.

Kwa hiyo usidhani sikujua kokwa ni nini. Nilijua siku ya kwanza. Ndiyo maana nikampa Chedlia. Na wewe ungelikwenda kupimwa mapema kama ningefungua mdomo, na Emna, na binti zangu wawili. Nimekaa nikihesabu wanawake niliowanyima neno moja. Naogopa, Dalenda. Siogopi kisu. Naogopa ile shali.

Lakini Alhamisi siji, na usinipigie kelele. Makapu ya maua nimeshayapa ahadi kwa wakulima, na chupa kwa watu wa harusi nane. Bechir akiwasha moto anaunguza nyumba. Bi Mongia anajua kuamrisha tu. Nikiondoka chungu kitalala, na tangu bibi yake mama hakijawahi kulala msimu hata mmoja. Nitakuja hospitali siku utakayokaa wewe mbele ya chungu. Wewe, uliyeunguza kapu zima ukiwa na miaka kumi na mbili, ukakimbilia mjini kwenye vitambaa ambavyo haviungui.

Dada yako,
Behija


Tunis, 14 Februari 2000

Dada,

Nimekubali.

Ulidhani umenipa sharti la kunishinda. Cherehani nimeifunika, wateja nimewaambia wavae nguo zao za zamani. Maua yakifunguka nitakuwa Nabeul, nitakaa mbele ya chungu mpaka ua la mwisho, na wewe utalala kitandani kwangu, Emna atakupikia, na Daktari Jalila atafanya kazi yake. Kabla ya hapo mimi nitakupeleka kila mahali mwenyewe, kupimwa, kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha nyama, kungojea majibu. Kungojea majibu ndiko kubaya. Nitakufundisha michezo ya karata.

Kuhusu mama, nimesoma nikatoka nikaenda kutembea. Nilipita sokoni, nikasimama kwa mwuza viungo, nikanusa maua makavu ya danzi kwenye gunia lake. Mwuzaji akaniuliza, "Mama, nikupimie?" Nilikuwa naona shali ile ya kahawia, na mimi nimelaza kichwa changu juu yake, upande uleule. Hakunisukuma hata siku moja. Sikukasirikii. Ulikuwa mtoto na ulipewa mzigo wa mtu mzima, sasa utue.

Emna nimemweleza jana yote, mezani, na kuskusi ikapoa. Akasema, "Kwa hiyo bibi, wewe, na khalati, dada yako. Basi na mimi nijue mapema." Amekwenda mwenyewe kuchukua tarehe ya kupimwa. Waite binti zako usiku huu, uwaambie. Waambie kwa jina lake.

Hammadi nimempa amri. Alhamisi alfajiri atakuwa mlangoni kwako na kiti cha mbele ni chako. Usipotoka, atapiga honi mpaka Bi Mongia aamke, na hapo utamweleza wewe.

Mdogo wako,
Dalenda


Nabeul, 29 Machi 2000

Behija,

Nakuandikia uani kwako, kiti chako, kando ya chungu chako. Karatasi ikiwa na madoa, ni marashi.

Siku nne za kwanza sitaki kuzisimulia, lakini najua Bi Mongia ameshakusimulia kwenye simu. Ndiyo, nilijaza maji mengi. Ndiyo, kapu la pili nilisahau kubadilisha maji baridi juu ya kichwa cha chungu, mvuke wote ukatokea pembeni, na marashi ya kwanza yalinuka kama supu. Bi Mongia alikaa na fimbo yake akisema, "Huyu kweli ni mtoto wa mama yako? Au walimwokota?" Siku ya tano alionja. Akaonja tena. Akasema, "Wewe, fundi cherehani, moto wako sasa uko sawa." Nilitaka kumbusu, nikambusu.

Asubuhi maua yanakuja na umande wake. Nayamwaga juu ya shuka nyeupe kwenye kile chumba cha baridi, sakafu nzima, tunayachambua mimi na binti zako, na tukishachambua nawaacha waende, mimi nalala kidogo pembeni mwa maua. Sijui ni usingizi au ni nini. Naona watu wanapita kwenye ule weupe. Mama hupita. Hana shali. Jana alisimama juu yangu akasema umebakiza ua moja bila kulitoa kikonyo, na nilipoamka, kweli lilikuwepo.

Emna ananiambia kwamba dripu ya kwanza uliimaliza vizuri, tena ulimfundisha nesi jinsi ya kurekebisha matone. Anasema ulimwambia, "Mwanangu, yakienda haraka hayana nguvu." Wodi nzima sasa inakuita fundi. Anasema pia kwamba wale wanawake wangu wa mtama wamekuja kukuona na Bi Wassila amekuletea njiwa wa kukaanga, kulipiza kisasi. Lakini hakuniambia kama ulimla.

Daktari Jalila nimempigia. Anasema ndiyo, imeshafika kwapani, ndiyo sababu anaanza na dawa ili ipungue, kisu kitafuata. Hakunipa ahadi na sikumwomba. Alisema tu kwamba ungengojea mpaka mwisho wa maua, angekuwa anazungumza nami kwa sauti nyingine. Nimekaa na maneno hayo siku mbili mbele ya moto. Nakuandikia hayo kwa sababu tumekubaliana hatufichani tena.

Ulipokuwa unapanda gari uliniambia, "Mwaka huu dada wa mbali ni mimi, kwa hiyo chupa ya kwanza ni yangu. Na mimi si kama wewe, mimi nitaifungua." Basi nimekutii. Hii hapa, chupa ya kwanza iliyotoka vizuri, nimeifunga mwenyewe kwa nta nyekundu. Nje nimeiosha kwa maji matupu na kuikausha kwa kitambaa kipya. Hammadi nimemwambia asikae kungojea kahawa. Lakini unamjua.

Dalenda


Tunis, 3 Aprili 2000

Dalenda, mdogo wangu,

Hammadi alikuja jana baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa lile gauni la buluu, nikafunga kilemba vizuri, kwa kuwa nywele zimeanza kubaki kwenye mto wa kulalia. Nilimwambia Emna achemshe kahawa na asimame mbali aone mama yake mkubwa, khalati wake, mtu mzima, anavyofungua chupa.

Sikusikia harufu yoyote ya nje, uliiosha vizuri. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikashika kisu cha kuvunjia nta. Nikafikiria tu kilichomo. Nakwambia, Dalenda, kufikiria tu. Ukumbi ukaanza kuzunguka, tumbo likapanda, na nikaona kikombe cha Hammadi kinangoja, mvuke wake mweupe unapanda, na nyuma ya mvuke uso wake anatabasamu kama alivyotabasamu kwako. Nikamrudishia chupa. Nikamwambia neno lilelile. Halikuwepo jingine kinywani.

Yeye hakushuka ngazi. Alisimama na chupa yake kifuani, ananitazama, halafu akakaa pale kwenye ngazi kama mtu aliyeambiwa habari. Akasema, "Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa." Akasema, "Bi Behija, miaka miwili nimepeleka maneno mabaya Nabeul." Mtu mzima yule akafuta macho kwa kofia. Emna alimpa kahawa yake kavu, bila tone la marashi, akainywa yote, akasema imepokewa.

Njiwa sikumla. Mwambie Bi Mongia nilimla.

Nalala sana. Nikiamka sijui kama ni asubuhi. Kitandani kwako nasikia jirani wa juu anavyotembea, nami najiambia ni mama, anabadilisha maji. Siogopi kila saa sasa, naogopa kwa zamu. Jumatatu ijayo kuna dripu nyingine. Nilipojigusa jana nilidhani kokwa imekuwa ndogo. Huenda ni matumaini tu, tutamngoja Daktari Jalila aseme. Nishonee langu kuanzia sasa, la upande wa kulia, usingoje kisu. Jaza mtama. Maua usitie hata moja.

Chupa uliyoituma anayo Hammadi, inarudi na nta yake. Usimpe mtu, usiifungue. Ingia ghala la ngano, nyuma ya mlango, inua lile gunia la tatu. Chini yake kuna kreti, na ndani ya kreti, kwenye kanzu ya mama, utaikuta chupa yako ya mwaka wa tisini na nane. Ndiyo, hiyohiyo. Nilichomwaga mferejini kilikuwa ndoo ya makombo ya maua, Bi Mongia aone na mtaa unukie. Yako sikuweza. Kila mwaka nimeifuta vumbi.

Ziweke pamoja, unisubiri.

Dada yako,
Behija